MTOTO WAKO ANAFIKIRI NINI JUU YA UGONJWA?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu wakati sombe inachemka, leo hatusemi juu ya kofia ngumu wala buti. Tunasema juu ya watoto wa nyumbani kwako. Juu ya chanjo zao na uzito wao tumekwisha kuandika mara nyingi. Leo tunataka kujua kitu kingine: mtoto anapougua, au anapoona mtu anaugua nyumbani, yeye mwenyewe anafikiri nini ndani ya kichwa chake?

Labda unasema: mtoto anajua nini? Anywe dawa, alale, basi. Sikiliza kwanza mambo matatu tuliyoyapata hapa Uvira, kati ya Kavimvira na Kalundu. Majina ninayaacha.

Mtoto wa miaka mitano alianza kuhara asubuhi. Hakumwambia mama yake. Alikwenda nyuma ya nyumba mara nne akifunika kwa udongo, mpaka miguu ikakosa nguvu. Alipopata maji mwilini na kuweza kusema, tulimwuliza kwa nini alijificha. Akajibu: «Nilichukua samaki katika sufuria. Mama alisema mwizi tumbo litamwuma.» Mama alikuwa ameyasema maneno hayo siku nyingi nyuma, kwa kucheka. Mtoto aliyaweka kama sheria.

Msichana wa miaka minane alikataa kulala mkeka mmoja na mdogo wake aliyeungua mguu kwa maji ya moto. Alisema: «Kidonda kitanirukia.»

Kijana wa miaka kumi na minne aliacha kula sahani moja na papa yake, bila kutoa sababu. Papa aliona ni kiburi, akamchapa. Kumbe kijana alikuwa amefundishwa masomoni juu ya kifua kikuu, na papa yake anakohoa tangu miaka miwili. Alikuwa anaogopa, na alikuwa anaona haya kumwambia mzazi wake jambo kama hilo. Papa alipokuja kupimwa makohozi na kupigwa picha ya kifua, tulikuta ni vumbi la mawe, si kifua kikuu. Lakini tazama: mtoto ndiye aliyeona kwamba kikohozi cha miaka miwili si kitu cha kuzoea.

Watoto hao watatu si wajinga. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo inashikamana vizuri ukiitazama kwa macho yake. Shida ni kwamba hakuna mtu aliyemwuliza.

MDOGO, WA KATIKATI, MKUBWA

Katika mwaka 1980 Wamarekani wawili, Roger Bibace na Mary Walsh, walitangaza kazi waliyofanya na watoto wa umri mbalimbali. Waliwauliza maswali mepesi: watu wanapataje mafua? ugonjwa unatoka wapi? Walifuata njia ya Jean Piaget, yule Mswisi aliyechunguza miaka mingi namna akili ya mtoto inavyokua. Walichokikuta, sisi pia tunakikuta hapa kando ya ziwa.

Mtoto wa chini ya miaka saba anashika kile anachokiona na anajiweka yeye katikati ya kila kitu. Mvua imenyesha, mimi nimeugua, basi mvua imeniuguza. Nilimkasirikia mdogo wangu, kesho yake akashikwa na homa, basi mimi nimemfanya. Kwa umri huo ugonjwa ni kama fimbo: unamjia aliyekosa. Na sisi wazazi tunamsaidia kufikiri hivyo, kwa sababu kila siku tunasema «usipotii utaugua», «sindano ya mganga inakungoja». Mimi ninaomba sana, acheni kututumia sisi waganga kama chui wa kutishia watoto. Siku ambayo mtoto ana degedege au anaharisha kweli, tunahitaji akubali kuguswa.

Kutoka miaka saba hadi kumi na moja hivi, mtoto ameelewa kwamba ugonjwa unapita kwa kugusana na kwa uchafu. Ni jambo jema, lakini analitandaza juu ya kila kitu. Kuungua kunaambukiza, kiwete anaambukiza, mwenye kifafa anaambukiza zaidi. Hapa kwetu hata watu wazima wanasema kwamba mate ya mwenye kifafa yakikugusa umekwisha. Mtoto anasikia, na mwenzake anapoanguka darasani wote wanakimbia, wanamwacha peke yake karibu na jiwe au karibu na moto. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa mkojo, wala kwa kukalia kiti kimoja. Ni ugonjwa wa ubongo. Vidonge vipo vya kuzuia kuanguka, wala si vya bei kubwa. Mwambie mtoto wako: mwenzako akianguka, mgeuze alale kwa ubavu, ondoa mawe karibu naye, usimtie kitu mdomoni, kaa naye mpaka aamke. Watoto wa miaka tisa wanajua kufanya hayo vizuri, na wakisha kufanya mara moja hawaogopi tena.

Tangu miaka kumi na miwili mtoto anaanza kuelewa kwamba ndani ya mwili kuna mapafu, moyo na damu, kila kimoja na kazi yake, na kwamba hata mawazo mabaya yanaweza kuumiza kichwa na tumbo. Lakini wakati ule ule ambao anaelewa zaidi, anaanza kuficha zaidi. Juu ya hilo tutarudi.

Usikate watoto kama mbao, lakini, kila mmoja kwa kipimo cha umri. Katika mwaka 1978 mama mmoja wa Marekani, Myra Bluebond-Langner, aliandika kitabu juu ya watoto wenye kansa ya damu aliokaa nao hospitalini. Wengine walikuwa na miaka mitatu, mine, mitano. Wakubwa wote walikuwa wanawaficha, na bado wale wadogo walijua dawa zao, walijua hatua za ugonjwa, walijua kwamba wanakufa. Walikuwa wanajua kwa kuwa wameyaishi. Na watoto wetu vivyo hivyo. Mtoto wa Mulongwe wa miaka sita amekwisha kuona mambo ambayo mtoto wa Ulaya wa miaka kumi na mitano hajayaona.

PILIPILI NA KOLERA

Kolera haituachi hapa Uvira. Miaka ya mwisho ya 1970 iliingia upande huu wa mashariki kupitia ziwa, na tangu hapo inalala na kuamka. Wachunguzi waliofanya hesabu za hospitali ya Uvira toka 2009 hadi 2014 walionyesha katika mwaka 2015 jambo ambalo mama zetu walikuwa wanalijua: robine za Regideso zikikauka, katika siku kumi na mbili zinazofuata wagonjwa wanaongezeka. Karibu robo ya wagonjwa wote walitokana na kukosekana kwa maji ya robine.

Sasa, robine ikikauka, nani anachukua bido kwenda ziwani? Mtoto. Kwa hiyo elimu ya kolera ikiishia kwako wewe papa, uliyeko kambini juu mlimani, haijafika mahali pake.

Tabu ni hii: mtoto mdogo anaamini macho. Maji ya ziwa yanang'aa, yeye anaona ni safi. Ukimwambia «kuna vijidudu», anatazama, haoni kitu, na anafikiri ni maneno ya wakubwa, kama yale ya chui. Basi fanya hivi. Siku mama anatwanga pilipili, mwache mtoto mkubwa kidogo ashike pilipili mkononi kidogo tu, kisha asuuze kwa maji matupu, mikono ionekane safi kabisa. Umwulize: iko safi? Atasema ndiyo. Mwambie aguse ulimi kwa kidole. (Ulimi, si macho!) Hapo atajua mwenyewe kwamba kitu kinaweza kuwapo bila kuonekana. Halafu anawe kwa sabuni, ajaribu tena. Hakuna bango la karatasi linalofundisha kama pilipili.

Jambo la pili ni hema za wagonjwa wa kolera. Mtoto anaona watu wenye buti na mashine ya kupuliza klori, anaona kitanda chenye tundu katikati, anaona mtu ameingia amebebwa na mwingine ametoka amefunikwa. Anahesabu: pale wanaua watu. Ndiyo sababu wengine wanajificha na tumbo lao. Mweleze kabla ya ugonjwa, siku mnapopita pale mkitoka sokoni: tundu ni kwa ajili ya mtu asiyeweza kusimama, klori ni kwa kuua vijidudu, wale wanaoletwa mapema karibu wote wanarudi nyumbani. Ni kweli tupu. Kolera inaweza kumaliza mtu kwa masaa machache, lakini mtu akipata maji na chumvi kwa wakati, katika wagonjwa mia hafi hata mmoja.

Kwa hiyo weka katika nyumba yako sheria moja: mtu akihara, hata kama ameiba samaki, hata kama amekula maembe mabichi uliyokataza, anasema mara moja na hachapwi. Anapewa maji ya ORS, au maji yaliyochemshwa, lita moja, na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote visijae kupita ukingo wa kijiko. Anakunywa akiwa njiani kwenda hospitali. Usingoje amalize.

Katika mwaka 1978, daktari David Morley na wenzake wa London walianzisha mpango walioupa jina la Mtoto kwa Mtoto. Waliona kwamba katika nchi zetu dada wa miaka tisa ndiye anayebeba mgongoni mdogo wake kutwa, basi afundishwe yeye. Wazo hilo halijazeeka. Mkubwa akisha kujua kutengeneza maji ya sukari na chumvi, mdogo amepata mganga ndani ya nyumba.

USISEME «AMESAFIRI»

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu sisi ni watu wa migodi.

Mtu akifa, desturi yetu ni kuwaambia watoto wadogo: papa amesafiri, papa amelala, papa amekwenda kazini mbali. Tunafanya kwa huruma. Lakini fikiria nyumba ya mfanyakazi wetu. Papa anaondoka kila mara na begi yake, anakaa juma tatu au nne, anarudi na mchele na mafuta. Kama jirani yake aliyekufa «amesafiri kazini», basi mtoto wako anajua nini siku wewe unaposafiri kazini? Na kama babu «amelala», kwa nini mtoto akubali kulala?

Katika mwaka 1948 mama Maria Nagy alitangaza kazi aliyoifanya na watoto 378 wa mji wa Budapest, toka miaka mitatu hadi kumi. Wadogo kabisa waliona kifo ni kama safari au usingizi, mtu anaweza kurudi. Wa miaka mitano hadi tisa walimwona Kifo kama mtu anayepita kuchukua watu, na mwenye mbio anaweza kumkimbia. Tangu miaka tisa ndipo walipoelewa kwamba kifo kinatupata sote na hakina kurudi. Umeona? Yule mdogo anafikiri tayari kwamba ni safari. Wewe ukimwambia ni safari, unafunga mlango ambao ulipaswa kuufungua.

Sema neno lenyewe: amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii baridi wala njaa, hatarudi. Si kosa lako. Maneno hayo ya mwisho, «si kosa lako», yaseme hata kama mtoto hakuuliza, kwa sababu wadogo karibu wote wanajihesabia. Katika kanisa au msikiti wako utaongeza yale unayoamini, ni haki yako. Lakini kwanza aelewe kwamba mtu hayuko katika begi wala katika gari la Bukavu.

Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020, mashimo ya wachimbaji yaliporomoka Kamituga baada ya mvua kubwa, makumi ya watu walifukiwa. Habari ilizunguka kwa redio na kwa telefone, na picha nazo. Baada ya hapo tuliletewa kijana wa miaka tisa, papa yake ni mfanyakazi, tena si wa Kamituga. Kijana alikuwa na maumivu ya tumbo. Alikuwa amekwisha kupewa dawa ya minyoo mara tatu, mahali patatu. Mama alisema jambo moja lililotusaidia: tumbo linauma alfajiri, na linauma siku papa anapofunga begi.

Tulimwuliza mtoto: wewe unafikiri ni nini? Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: «Nikiumwa sana papa hataenda.» Halafu akasema: «Udongo utamwangukia.»

Usidhani alikuwa anadanganya. Tumbo lilikuwa linauma kweli. Woga wa mtoto hauna mdomo, unatumia tumbo na kichwa, au unatumia mkojo wa usiku. Dawa ya kwanza ilikuwa papa yake. Tulimwomba aketi na mtoto, amwonyeshe kofia na kumweleza inazuia nini, amweleze nguzo zinazoshika mwamba na kazi ya kapita kabla ekipe haijaingia, amwambie siku ya kurudi na kuitia alama kwenye kalenda, na ampigie simu jioni ya Jumatano. Hakumwahidi kwamba ajali haiwezi kutokea, maana mtoto wa miaka tisa anajua huo ni uongo. Alimwambia mambo wanayofanya ili isitokee. Tumbo halikupona siku ile. Lilipungua, likarudi mvua zilipoanza, likapungua tena.

NENO «AKILI»

Siku hizi ofisini na kwenye mabango wanaandika: afya ya akili. Ni neno zuri, lakini hapa kwetu mtoto analisikia vingine. Mtoto mwenye akili ni yule anayepata pointi nyingi. Asiye na akili ni yule aliyevunja sahani. Niliuliza darasa moja la tano: afya ya akili ni nini? Wengine walijibu: «Ni kula samaki ili ushinde mtihani.» Wengine walicheka na kuonyesha kidole upande wa soko, ambako kuna mtu anayezunguka akiokota karatasi na kusema peke yake. Kati ya mtihani na mtu wa soko hawakuona kitu kingine.

Kwa hiyo mtoto akiwa na huzuni ya miezi miwili, hawezi kuiweka mahali. Yeye si mtu wa soko, basi hana ugonjwa. Anabaki kunyamaza.

Liache neno la ofisi. Uliza kwa maneno ambayo tayari anayo: roho yako iko namna gani usiku? Hapo utasikia. Roho inapiga mbio. Roho imechoka. Kichwa kimejaa. Niko na mawazo mengi. Sina hamu hata ya mpira. Watoto wa hapa wana maneno mengi sana juu ya roho, na kila moja ni habari kwa mganga. Mimi ninaandika kwenye fishi maneno hayo hayo, siyageuzi.

Na sababu hazikosekani. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 4 mwaka 2020, mto Mulongwe ulijaa, ukabeba nyumba kwa maelfu na kuua makumi ya watu. Kuna watoto ambao miezi mingi baadaye, wingu likitanda tu, walikuwa wanavaa viatu na kukaa karibu na mlango. Mwezi wa 2 mwaka 2025, vita ilipokaribia, jamaa nyingi zilivuka Ruzizi kwenda Burundi na mizigo kichwani, na mwezi wa 12 mwaka ule ule wengi wakavuka tena. Mtoto aliyepita hapo akianza tena kukojoa kitandani akiwa na miaka minane, usimtoe nje na mkeka kichwani ili jirani wamcheke. Nimeona wazazi wema wakifanya hivyo. Mkojo unazidi.

Ukae naye karibu, masaa ya kula na kulala yawe yale yale, arudi masomoni mapema iwezekanavyo, acheze na wenzake. Wadogo wakicheza vita na kuzika wanasesere, usiwakataze, ndivyo wanavyotoa ile hofu. Watoto wengi wanapona kwa hayo tu. Yule ambaye baada ya mwezi bado hali, halali, haongei, au anaruka kila mlango ukigongwa, mlete.

Tena neno moja gumu. Kuna nyumba ambamo mtoto anayeota vibaya, anayekojoa, anayesema peke yake au anayeanguka kifafa anaitwa mchawi. Anapelekwa kwa watu wanaomnyima chakula na kumpiga ili «aungame». Na mtoto mdogo ataungama! Nimekwisha kukuambia, kwa umri huo anaamini kwamba hasira yake inaweza kuua. Ukimwuliza kwa fimbo kama amemla shangazi, atajibu ndiyo, na atalibeba hilo maisha yake yote. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamtia gerezani mtu anayemsingizia mtoto uchawi. Jirani anaweza kusaidia kwa kusema mapema.

VIJANA

Kijana wa miaka kumi na mitano anajua vijidudu, anajua damu, labda anajua kukushinda wewe. Tatizo lake ni haya na marafiki. Anapima kwanza kama utamcheka. Msichana ambaye hakuambiwa lolote juu ya damu ya mwezi atadhani ameumia ndani, au ataacha masomo siku nne kila mwezi akisema ni malaria. Mama, mwambie akiwa na miaka kumi, usingoje. Mvulana ambaye roho yake imevunjika hatalia, atakuwa mkali, atakunywa pombe, ataacha masomo na kwenda kuchimba mashimoni na wenzake, na wewe utaona tabia mbaya tu.

OMS inahesabu kwamba duniani kijana mmoja kati ya saba, toka miaka 10 hadi 19, ana ugonjwa wa roho na akili wa namna fulani. Katika nyumba saba za barabara yako, tia hesabu mwenyewe.

Kijana akisema «afadhali nife» au «mtabaki vizuri bila mimi», usimwambie aache upuzi. Kati ya vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni sababu ya tatu ya kifo duniani. Mwulize waziwazi: unafikiri kujiua? Watu wengi wanaogopa kwamba swali hilo litamtia wazo. Halimtii. Linampa nafasi ya kushusha mzigo. Usimwache peke yake, funga kwa ufunguo dawa ya panya, dawa ya mashamba na vidonge vyote, na uje naye siku ile ile, hata usiku.

Usiseme hakuna pa kwenda. Anza kwa dispanseri yetu au kituo cha afya cha mtaa wako, kisha hospitali kuu ya Uvira. Kwa wale wanaohitaji zaidi, Bukavu kuna SOSAME, na Bujumbura kuna hospitali ya Kamenge, zote mbili za mafrera wa Charité. Hizo si nyumba za kufungia watu. Ni hospitali, mtu anaingia, anatibiwa, anarudi.

Ukija kwetu na mtoto, leta fishi yake na dawa zote anazokunywa, za kienyeji pia, hakuna atakayekukemea. Mwache alale vya kutosha usiku ule, mpe uji kabla ya kutoka. Njiani mwambie kweli: ikiwa kuna sindano, sema iko na itauma kidogo. Na mkisha kuketi mbele yangu, tafadhali, nikimwuliza mtoto swali usijibu wewe. Ngoja kidogo. Wakati mwingine inachukua dakika tano kabla hajafungua mdomo.